Mashua Nyuma ya Nyumba

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, shule wanaipenda au wanaivumilia tu? Waambie shangazi yao angewaandikia na wao, ila vidole vyake vimegandana kwa rangi na gundi, hata kalamu hii naishika kama mtu aliyeshika samaki. Sisi huku tu wazima. Mimi bado nashona mapazia ya watu, na Baba bado anasema mapazia yangu ni mafupi. Ukisikia hivyo ujue nyumba imesimama.

Lakini nisikufiche, macho ya Baba yamempa kisogo. Mwaka jana aliifunga meza yake ya kutengenezea saa, akazifungia bisibisi zake ndogo kwenye kitambaa, akaketi. Unamjua Baba, Kaka. Kuketi kwake ni ugonjwa. Wiki ya tatu nilirudi kazini nikamkuta nyuma ya nyumba, amelivua lile turubai la mashua na ameinama juu yake, anaigonga ubao kwa ubao kwa kifundo cha kidole, sikio limelazwa kwenye mbao kama alivyokuwa akisikiliza saa. Akaniambia mbao nyingi ni nzima, tatu zimeoza, na moja bado haijaamua.

Najua hukutegemea kusikia habari za mashua ile. Mimi mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nikizunguka kwa mlango wa jikoni ili nisiione. Ila ungeuona uso wa Baba siku ile, nawe ungeshika msasa.

Basi tukaanza. Karibu na gati kuna fundi wa mashua ambaye watu humwita Polepole, kwa sababu hata chafya yake huanza asubuhi ikaisha adhuhuri. Alikuja, akaizunguka mashua mara tatu, kisha akasema kumlipa hatuwezi, hilo analiona. Nimshonee mapazia ya chumba chake, naye atatupa maneno. Mikono tutoe wenyewe. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kwenye rangi tufanye ubahili tunavyotaka, maana maji hayajui kusoma rangi. Lakini skrubu, kamba na maboya ya kuvaa, hapo tukibana, tutakuwa tunajibana pumzi wenyewe.

Mbao tatu tulizipata kwa muuza milango mikuukuu. Skrubu za chuma Polepole alizikataa, akasema kutu haina urafiki na mtu. Tukaomba kabati lililokuwa linatupwa na nyumba moja ya wageni, na Baba akazifungua skrubu zake za shaba moja moja kwa kupapasa, akazipanga kwa ukubwa ndani ya vikombe vya chai. Kwa mwezi mzima tulikunywa chai kwa bilauri. Nyufa alizijaza yeye pia, pamba iliyoloweshwa mafuta, anaisukuma ndani taratibu kwa patasi butu. Mimi nilipewa kazi ya kushika na kunyamaza, na ya pili ilinishinda.

Rangi ilikuwa mabaki ya shule, kopo moja la buluu na jingine la rangi ya maziwa. Nilipochanganya, Baba aliniuliza imekuwa rangi gani. Nikamwambia imekuwa kama mbingu ambayo haijanawa uso. Akacheka, akasema hiyo ndiyo anayoiona yeye siku zote, tuipake tu.

Mlingoti ulikuwa umepasuka chini, tukaukata urefu wa mkono, kwa hiyo tanga nalo likabidi liwe dogo. Mwenye mashua kubwa pale gatini alitupa tanga lake lililochanika. Nilitoa viti nje nikalitandaza sebuleni, nikakata sehemu nzima, nikashona mishono miwili miwili kwa cherehani ile ya Mama. Nilivunja sindano nne. Baba alikuwa ameshika upande wa pili, na nilipomaliza akalipima kwa shubiri, akasema hili nalo ni fupi.

Ikabaki kamba. Mwezi uliopita tulikwenda dukani pamoja, na muuzaji akatuuliza tunataka urefu gani. Baba akasema tunataka za kufungia mbele na nyuma, mbili, nzuri. Kisha akasema kwa sauti ndogo, wala hakuwa akisema na mimi, kwamba ile moja ndiyo iliyotuponza.

Kaka, niliiweka kamba chini nikatoka nje. Baba akanifuata akipapasa ukuta. Pale kwenye benchi la nje ya duka nikamwambia haya ninayokuandikia sasa.

Wewe ulifunga kamba mbili. Jioni ile, ulipokwisha kurudi nyumbani, mimi na rafiki zangu tulikuwa gatini, na kamba yetu ya kurukia ilikuwa imekatika. Nikaifungua ile ya nyuma ya mashua. Nilisema nitairudisha kabla ya giza, nikaruka mpaka nikasahau, nikarudi nayo nyumbani begani. Alfajiri mashua ikakutwa imejipiga kwenye mawe, ubavu uko wazi. Ulipoapa mbele ya watu kwamba ulifunga mbili, na Baba akakuita mwongo, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, na kamba iko chini ya kitanda changu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho, na kabla mwezi haujaisha ukafunga mzigo wako ukaondoka. Wewe uliyeniita Chiriku kwa kuwa sikuweza kuziba mdomo! Hilo moja niliweza. Siku zote watu wamesema uliondoka kwa sababu ya mashua. Mimi najua uliondoka kwa sababu ya neno lile.

Baba aliinuka kwenye benchi. Aliniomba nimshike mkono turudi. Siku mbili hakuigusa mashua, na chakula alikigusa tu. Siku ya tatu akavaa koti lake, akaniambia nimpeleke kwa mwoka mikate wa pale pembeni, kisha kwa yule aliyekuwa mlinzi wa shule. Kote alikataa kiti. Alisimama mlangoni akasema, "Siku ile nilimwita mwanangu mwongo mbele yako. Alikuwa anasema kweli. Nimekuja kulirudisha lile neno." Mwoka mikate akamwambia wala halikumbuki. Baba akamjibu kwamba yeye analikumbuka, inatosha. Shahidi wa tatu alikuwa Mama, Mungu amrehemu. Njiani kurudi Baba akasema huyo hahitaji kuambiwa, maana hakuliamini hata siku moja.

Mimi hakunigombeza. Alisema tu kwamba mimi nilikuwa mtoto mwenye kamba, na yeye alikuwa mtu mzima mwenye ulimi.

Jumamosi iliyopita tuliiteremsha majini. Inavuja kidogo upande wa kushoto, tunakomba kwa dumu lililokatwa, lakini inakwenda. Baba alishika usukani. Mimi nilimwambia ufuko uko wapi, upepo aliusikia mwenyewe shavuni, na akageuza vizuri mpaka Polepole, aliyekuwa amesimama gatini, akapiga makofi haraka haraka. Hilo hakuna anayelisadiki nikilisimulia.

Kaka, sikuombi unisamehe mara tu upatapo barua hii. Kaa na habari hii kadiri upendavyo. Mimi nimekaa nayo miaka ishirini na miwili, sina uso wa kukuharakisha. Ukiniandikia kwa hasira, nitaisoma yote. Usiponiandikia, nitakuandikia tena.

Msalimie sana wifi, na wanangu uwashike vichwa kwa niaba yangu. Polepole naye anakusalimu ingawa hakujui. Baba amekataa nimwandikie salamu zake, ametaka kalamu. Hapo chini ni mkono wake mwenyewe, mistari imepandana, uisome kwa subira.

Mimi mdogo wako,
Chiriku

Mwanangu, zilikuwa mbili. Ulisema mbili. Baba yako.