Walikuita Mama Feza

Mama,

Arobaini yako imepita, na mimi siko nyumbani kwako tena. Nakwambia mapema, usije ukanitafuta chumba cha nyuma.

Siku ya kuondoa matanga, kaka yako alisimama mbele ya watu akasema, "Dada yetu alikufa bila mutoto." Nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka, Mama, kichwa kimenyolewa. Nikawatazama majirani. Hao wamekuita Mama Feza tangu uliponichukua wakati wa vita, asubuhi na jioni, na Feza njo mimi. Wote wakainamisha macho. Kaka yako akaniuliza karatasi inayosema mimi ni mwanao iko wapi. Sina. Jioni ile akachukua funguo za nyumba.

Na hapo, unisamehe, nilikukasirikia. Nimekasirika mpaka leo. Yule mama wa ofisi ya watoto alikuja mara mbili kukusihi uende tribinali uandikwe mzazi wangu. Ukamcheka. "Muntu anaenda kwa hakimu kuomba mutoto wake mwenyewe?" Nilikuwa na miaka kumi, nikaona hakuna neno tamu kama hilo. Kumbe ndilo lililonitoa nje.

Sijasahau, lakini. Risasi zilipolia upande wa stesheni ya gari moshi, ulinisukuma chini ya kitanda ukajilaza mbele yangu. Chumvi ilipokosekana mjini, kile kidogo ulichopata ulikitia kwenye sahani yangu, wewe ukala sombe, majani ya muhogo, chapwa, ukijisifu kwamba umeshakula chumvi nyingi duniani. Muongo wee! Kuna kuzaa kuliko huko?

Sasa nimepanga chumba Alunguli, ng'ambo ya mto, mimi na Riziki, yule mtoto yatima niliyemchukua ukiwa bado hai. Wiki jana tulivuka kwa mtumbwi, nikampeleka tribinali ili awe wangu kisheria. Nilijiona kama ninakutukana. Karani akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kama wanavyomuuliza kila mtu. Nikataja jina lako. Akaliandika bila hata kuinua macho, nami nikashindwa kujizuia, nikalia mbele yake.

Hukumu bado. Wananiambia nirudi, na nitarudi hata mara ishirini. Siku nitakapokufa, hakuna atakayesimama kumwambia Riziki kwamba sikuzaa. Hilo nakuahidi.

Lala, Mama. Hasira zitapungua, nakuomba univumilie.

Mwanao,
Feza