Mikono Kifuani

Saa 4:10 asubuhi afisa wa elimu aliingia darasani kwangu. Nilisimama, nikakunja mikono kifuani.

Senu, nilikunja mikono! Kama tulivyozoeshwa mimi na wewe shuleni Maungdaw, kule Burma, kila mwalimu mkuu alipoingia. Miaka kumi na tisa hapa Teknaf, Bangladesh, wote wananijua kama Mbangali, halafu nakunja mikono.

Niliishusha haraka. Ila Rofika, mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma, alikuwa ameshaniona, naye akakunja yake. Yeye hakuishusha.

Watoto wakacheka.

"We binti, unasikia baridi?" afisa akamuuliza. "Nani kakufundisha kusimama hivyo?"

Rofika akanitazama. Alinitazama mimi tu, Senu. Nilijua atanitaja.

"Mama," akasema.

"Mama yako kasoma wapi?"

"Burma."

"Ahaa! Kumbe Warohingya tunao humu humu. Kusanya vitabu vyako, mwanangu, shule yenu wakimbizi iko kambini." Akanigeukia: "Na wewe dada, huna macho? Futa jina."

Mama yake hajawahi kukanyaga shule. Fomu ya kumwandikisha aliitia dole gumba mbele yangu.

Nilichukua rula nikalikata jina lake kwa mstari ulionyooka kwenye daftari la mahudhurio.

Saa 4:25 Rofika alitoka getini. Mtoto anayekaa naye akaniuliza, "Mwalimu, kesho atarudi?"

Nikamwambia afungue ukurasa wa 41.