Sato wa Washenga

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kamanga hatujambo, ila mbuzi wa shangazi yako amekula pazia.

Unauliza kama chujio jipya litawapatanisha samaki wako wakali wa maji ya chumvi na wadogo, wakae tangi moja. Siku walipokuja kuniposa, baba yangu aliweka sangara na sato hai kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe, wapikwe wageni wakifika. "Wametoka ziwa moja," alisema, "watapatana."

Washenga walipofika alibaki sangara, tumbo limemjaa.

"Sato tulioahidiwa wako wapi?" mshenga mmoja akauliza.

"Wamo humo humo," baba akajibu.

Wageni wakanuna. Babu yako, mposaji mwenyewe, peke yake alicheka hadi akakaa chini. Nikamkubali.

Chujio husafisha maji tu, Neema. Wadogo watenge. Na huyo kijana wako, kabla hajaleta washenga, mwonyeshe kwanza tangi likiharibika, umwone atafanyaje.

Bibi yako