Sikwenda Kutibiwa, Nilikwenda Baharini

Baba Theresia,

Ninakuandikia nikiwa barazani, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza. Siku hizi mkono unachoka kabla ya akili, kwa hiyo nitaandika, nitapumzika, nitaendelea. Ukiona makosa yaache. Nimesahihisha ya watoto wa watu miaka yote.

Kwanza habari za nyumbani. Mwaka huu maharage yetu ya ngwara yamekubali. Yule ng'ombe mkorofi nilimuuza, maana baada yako hakuna aliyeweza kumkamua. Theresia anapiga simu kila jioni kutoka Arusha, na kila jioni ananiambia nihamie kwake. Mwenyekiti wa jumuiya yetu sasa ni Mama Paskalina, anaiendesha kama gwaride. Na moyo wangu umetanuka. Daktari alinionyesha kwenye picha, akasema niendelee na vidonge, nipunguze chumvi, nipumzike. Nilipomwuliza kama kuna zaidi ya hapo, aliitazama ile picha tena, akasema, "Mwalimu, tutaendelea kukuangalia." Nikaelewa.

Sasa nina mambo mawili ya kuungama, na nimeona nianze kwako kabla ya padri. La kwanza nimeshalisema jana mbele ya watu, nitakusimulia lilivyokwenda. La pili ni lako peke yako.

Mwezi uliopita nilikwenda baharini. Sikwenda kutibiwa, wala msibani, wala harusini. Nilikwenda kucheza.

Ninajua unavyocheka. Nusu ya maisha yako uliwapikia wageni kambini kule ukingoni Ngorongoro, ukawapigia mahema, ukawachemshia maji ya kuoga, kisha ukarudi nyumbani ukisema, "Kupumzika ni kazi ya mgeni." Mara ngapi nilikuomba twende sisi wawili tukakae tu pale ukingoni, tutazame? Uliniuliza kuna nini cha kutazama. Sikulaumu sana, maana huku kwetu mtu hasafiri bila sababu. Yule Mmasai anayetuletea maziwa, anayeniita bibi kwa lugha yao, aliponiona na begi hakuzunguka: "Koko, nani amekufa?"

Nikamjibu kwamba bado hajafa mtu. Alinisikitikia, akaenda kutangaza kwamba Mwalimu anapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu makubwa. Jioni habari zilinirudia kwa mdomo wa Mama Paskalina, na hapo ndipo nilipokosea. Sikuzikanusha. Nilisema, "Basi mniombee." Niliona haya kumwambia kwamba mwanamke wa umri wangu, miguu imevimba, anakwenda kulala hemani ufukweni.

Nilikwenda na dada yako Marselina. Kwanza aligoma, halafu akafunga mzigo kabla yangu. Tulichukua hema lako la kijani na ile sufuria kubwa. Tulipanda basi, tukalala njiani, kesho yake tukakodi gari mpaka kwenye hifadhi moja ya pwani niliyoisikia kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniambia hakuna kitu kule, na alisema kweli. Hakuna hoteli, hakuna duka, hakuna gati wala muziki. Kuna kizuizi cha mti njiani, askari mmoja wa hifadhi, choo cha shimo, na njia ya mchanga inayopita vichakani hadi ufukweni. Tembo walikuwa wamepita alfajiri, na ndani ya nyayo zao yametuama maji ya chumvi. Yule askari alitutazama, akatazama nyuma yetu kama kuna mtu mwingine anakuja, akasema, "Bibi zangu, hapa hakuna huduma."

"Huduma tumekuja nayo," Marselina akamjibu, akamwonyesha sufuria.

Tukateremka ufukweni. Bahari haikuwepo.

Kulikuwa na mchanga uliolowa na tope, na mbali kabisa mstari mwembamba unaong'aa. Wifi yangu alishika kiuno. "Si nilikuambia? Tumekuja kiangazi. Maji yamekimbia!" Unajua sisi tuliokulia Endabash, tukilitazama Ziwa Eyasi kutoka juu. Maji ya kule yakiondoka yameondoka, yanaacha magadi meupe na upepo, na mtu anangoja masika. Dada yako alishaanza kulikunja hema. "Turudi mwezi wa nne," anasema, kana kwamba ni kuvuka barabara.

Ningeweza kumweleza. Nimefundisha kupwa na kujaa kwa bahari miaka mingi, nimechora mwezi na dunia ubaoni hadi chaki ikanisagikia vidoleni, na sikuwa nimewahi kuona hata tone la bahari. Lakini sikumweleza. Nilitazama ule mstari, nikatazama miguu yangu, nikajua haitanifikisha. Nikamwomba aniwekee kiti pale katikati, kwenye mchanga uliolowa.

"Mwalimu, jangwani unakaa kufanya nini?"

"Nangoja."

Na yakaja, Baba Theresia. Kwanza niliona kaa wadogo wanakimbilia mashimoni. Halafu maji yakaanza kuingia kwenye mikunjo ya mchanga kama nyuzi, taratibu, bila kelele, yakazunguka miguu ya kiti, yakanigusa vidole. Yalikuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto. Marselina alipiga yowe, akapandisha gauni, akakimbia, akarudi. "Yananifuata! Wifi, inuka, yanarudi haya!" Sikuinuka. Yakafika kwenye vifundo, hivi hivi vilivyovimba ambavyo Theresia anataka kila siku nimpigie picha. Yakafika magotini. Nilicheka kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo, mpaka yule askari akaja mbio akidhani tumevamiwa na mnyama. Maji yalipofika mapajani ndipo waliponibeba, mimi na kiti changu, na dada yako ananifokea sikioni: "Ukinifia hapa, watu wa Endabash nitawaambia nini?"

"Waambie nilikuwa naoga."

Hapa ndipo penye lile jambo la pili. Jioni, Marselina akikoroga mboga, alisema, "Kaka angeongeza pilipili manga." Nikashtuka. Tangu asubuhi sikuwa nimekukumbuka. Tangu tukuzike haijapita siku kama hiyo, hata siku ya homa. Sikukukumbuka maji yaliponigusa, wala waliponibeba, na tulikuwa tumelipiga hema lako mwenyewe. Nilijipekua nione kama nina majuto, kama mtu anavyopekua mifuko, sikuyapata. Nilikuwa na furaha siku nzima, na wewe hukuwemo. Siombi radhi. Nakuambia kwa sababu hatukuzoea kufichana.

Nilirudi nimeiva na jua, usingizi umerudi, sauti imepanda. Mama Paskalina aliponiona alinyanyua mikono juu. "Dar wana madaktari!" Kumbe jumuiya ilikuwa imesali novena, siku tisa, na yeye alifunga siku zote hizo, na vidonda vyake vya tumbo. Wakapanga ibada ya shukrani hapa kwetu. Nisikufiche, nilifikiri kuyaacha yapite. Nilijiambia sala haiozi.

Lakini akaja Veronika, jirani yetu wa mteremkoni. Miguu yake imevimba kama yangu, na mtoto wake wa mwisho bado yuko darasa la tatu. Alikaa hapa nilipokaa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nipe jina la huyo daktari. Tumeshapata mtu wa kumnunua ng'ombe." Wana ng'ombe mmoja tu, na wanaishi kwa maziwa yake. Nilimwambia asimuuze kwanza, angoje ibada ipite. Aliniangalia kama mtu aliyefungiwa mlango.

Basi jana walipomaliza kuimba niliomba kusema. Nilisema nikiwa nimekaa, lakini kwa sauti yangu ya darasani, hata walioko jikoni wakasikia. Nikasema hakuna daktari. Sikutibiwa popote, moyo ni uleule. Nilikwenda baharini kucheza, nikawaacha mkifunga kwa ajili yangu. Veronika, usimuuze ng'ombe.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenyekiti wetu.

"Nimefunga na vidonda vyangu, Mwalimu," Mama Paskalina akasema. "Kumbe ulikuwa unaoga."

"Ndiyo."

"Unaoga!" Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kugusa chakula. Leo asubuhi amepita njiani hakunisalimia. Ana haki. Nikipata nguvu nitajikongoja hadi kwake, na akitaka kunifokea nitakaa nimsikilize mpaka amalize.

Veronika hakuondoka. Watu walipotawanyika alibaki kwenye benchi, machozi yanamtoka. Nilidhani ni hasira, na hasira ilikuwemo. "Mimi moyoni nilikuwa nimeshapona," alisema. Nikamshika mkono, tukakaa.

Baadaye akafuta uso kwa khanga, akasema tangu ugonjwa uanze hajawahi kumwuliza daktari swali hata moja. Anapewa vidonge, anasema asante, anarudi nyumbani. Anaogopa jibu. Nikamwambia Alhamisi nitakwenda naye kliniki Karatu, nikae pembeni yake, na lile analoogopa kuuliza nitaliuliza mimi, na hatutainuka mpaka tumejibiwa. Alinitazama miguu, nami nikamtazama ya kwake, tukaanza kucheka kama wendawazimu.

Sasa mkono umechoka kweli. Pumzika huko, mume wangu. Nitakuja, na nikifika sitakuwa na jambo nililokuficha. Lakini kwanza nimeahidiana na Veronika. Usinitazamie kabla ya Alhamisi.

Wako,
Mama Theresia