Handaki Kando ya Kaburi la Zipporah

Lugari Stesheni,
Agosti 1996

Kwa dada yangu mpendwa Muhonja,

Nakusalimu wewe na watoto wote huko Mukumu. Je, mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Mimi ni mzima. Ng'ombe amezaa, na mahindi yamebeba vizuri.

Tangu tumzike mke wangu Zipporah, jambo moja limeninyima raha. Kaburi lake liko karibu na reli, na gari moshi la mizigo likipita, saruji yote inatetemeka. Unakumbuka alivyouchukia mtetemo ule. Alikuwa akishika vikombe kwenye rafu kwa mikono miwili, na kama yuko kwenye sala, ananyamaza, kisha anaendelea palepale alipoachia. Nilitamani sasa apumzike bila kushtuliwa.

Mwezi wa sita walikuja watu wa chuo kikuu wanaochunguza kelele na mtetemo wa gari moshi, na jinsi ya kuvipunguza. Mkubwa wao ni msichana mpole, Jepkemboi. Chombo chao cha kupimia mtetemo hukaa juu ya kitu kigumu, na sakafu yangu ni ya udongo. Alizunguka boma lote, akarudi macho chini, akaniuliza kama ningekubali kiwekwe juu ya kaburi, maana saruji nyingine hakuiona. Nilikubali. Jirani yangu Makhanu alinitania kwamba mke wangu alikataa hospitali akiwa hai, na sasa nimemletea daktari hadi nyumbani. Nilicheka, dada, mara ya kwanza tangu mazishi.

Jepkemboi alinieleza kwamba kelele hupita hewani, lakini mtetemo hupita ardhini, na ukikatiwa njia kwa handaki refu hupungua. Mpira chini ya mataruma yanayobeba reli ungesaidia zaidi, ila hilo ni la wenye reli. Akaomba wajaribu handaki kwangu, kati ya reli na kaburi.

Makhanu ndiye aliyepewa kazi ya kuchimba. Alipima kwa kamba, akasimama, akaweka jembe chini.

"Patroba ndugu yangu," akasema polepole, "hapa si ndipo pako?"

Ni kweli, dada. Ni pale nilipowaonyesha siku ya mazishi kuwa nizikwe, ubavuni pa Zipporah, upande wa reli. Sababu sikuwaambia. Nilitaka nilale kati yake na gari moshi. Nilimwambia Makhanu achimbe. Kazi hiyo handaki linaweza kuianza leo, kwa nini nimngojeshe mpaka nife?

Juzi walipima tena, na mtetemo umeshuka karibu nusu. Kelele ni ileile. Niliweka kiganja juu ya saruji gari likipita, na ilibidi nitulie sana ndipo nisikie kitu.

Najua wazee watakuuliza, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wetu. Waambie nimekubali kwa moyo wangu, wasigombane na mtu. Siku yangu ikifika, nilazwe upande wake wa pili, karibu na jikoni. Hapo nafasi ni nyembamba, kwa hiyo tutalala karibu zaidi.

Wasalimie watoto, na waambie maziwa yapo, waje likizo hii. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako,
Patroba