Khidir Kampigia Mama Yake

Shikamoo mama. Huku Johannesburg baridi kali, ila tuko wazima.

Leo mchana hapa Fordsburg nilimnunulia Khidir mkate wa nyama. Ni kinyozi jirani yangu, mtu wa Iraki, wa dini ya Kiyazidi. Akatoa majani ya saladi yote. "Eish, kaka, sisi hatuli haya." Nikamuuliza kwa nini. "Ngoja nimuulize mama." Akampigia, huku anarekodi. Mama yake akacheka, akasimulia asili ya mwiko huo, mwisho akaimba kabisa.

"Dini yetu imo midomoni mwa wazee," Khidir akaniambia. "Wakiondoka hatujauliza, basi."

Mama, nisamehe. Ukianza habari za ukoo huwa nakwambia chaji inaisha. Nilikuwa nadanganya. Wajukuu zako wameniuliza kwa nini hatuli samaki kamongo, nikawaambia bibi ndiye anayejua. Jumapili tutakupigia wote. Anzia popote, sikukatizi.

Nakupenda mama,
Deo