Barafu Iliyogoma Kuyeyuka

Jumatano, 10 Januari 2024

Tangazo la kumi na mbili la nafasi ya uzamivu mwezi huu. Yote yananuka mamoja. "Tunatafuta mtu mwenye shauku." Shauku! Barafu inapimwa kwa magoti na vidole vilivyokufa ganzi, si kwa shauku.

Lakini hili limenikalisha kitako. Ujerumani, ufadhili kamili, miaka mitatu na nusu, hata viatu vya mlimani wananunua. Mada: kwa nini barafu moja ya milima ya Tian Shan haikuyeyuka kiangazi cha 2021, ilhali jirani zake zote ziliyeyuka. Ni barafu yetu! Ile ninayoipanda karibu kila Septemba tangu nikiwa mwanafunzi. Nina miaka ishirini na saba, nawafundisha ramani watu wanaochezea simu, na mji huu wa Bishkek unanuka moshi wa makaa hadi ndani ya foronya. Nikiikosa hii, sitoki tena humu.

Alhamisi, 11 Januari

Nimekwenda kwa Profesa Kadyraliev kuomba barua ya mapendekezo. Alikuwa anatafuna soseji ya farasi juu ya tasnifu ya mtu. Doa la mafuta katikati ya sura ya pili! "Andika mwenyewe, binti yangu, mimi nitasaini. Jisifu, usione haya." Ndivyo ilivyo hapa, kila mtu hujiandikia. Nimejiandikia kwamba mimi ni makini kupita kiasi. Muuza ng'ombe anayemsifia ng'ombe wake — na ng'ombe ndiye mimi.

Jumanne, 16 Januari

Wamejibu! Usaili tarehe 30, mtandaoni. Profesa Haverkamp ameandika mwenyewe: amefurahi mno, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wawili waliopima mwaka 2021.

Nimesoma mara tatu. Sikupanda mwaka ule. Nilikuwa kitandani na korona, nikikohoa mpaka mbavu zinauma. Oktoba Profesa Kadyraliev aliniwekea karatasi ya ripoti mezani, nikasaini. Mwalimu akikuwekea karatasi unasaini, huisomi. Kumbe nilisaini kwamba nilikuwepo.

Jumatano, 17 Januari

Nimetoa daftari langu la 2020. Heri nisingelitoa.

Kazi yenyewe ni rahisi. Fito zimechomekwa kwenye barafu. Barafu ikiyeyuka, ufito unachomoza zaidi. Kila Septemba tunapima umechomoza kiasi gani. Mwaka 2020 zilikuwa karibu kuanguka, tukazitobolea mashimo mapya, tukazizamisha, ukabaki nje urefu wa mkono tu. Niliandika mimi: ufito wa saba, sentimita 41. Wa nane, 38. Wa tisa, 44.

Ripoti ya 2021: 42. 37. 45.

Kiangazi kizima, sentimita moja moja! Mtu amenakili ukurasa wangu, akaongeza hapa, akapunguza pale. Mvivu hata wa kudanganya! Angeongeza mita mbili kama miaka yote, nani angeshtuka? Alisahau kwamba hizo ni namba za siku ya kuchomeka. Na kwa usahaulifu wake Wajerumani wanataka kumsomesha mtu miaka mitatu na nusu. Nimecheka peke yangu.

Jumapili, 21 Januari

Nimekwenda hadi kijiji cha Kochkor kwa Mzee Asankul, mchungaji ambaye kiangazi hupiga hema lake chini ya barafu yetu. Nilitaka kuwa na hakika.

"Mwaka ule? Theluji iliwahi, njia ikafungika," akasema. "Profesa wenu alikaa kwangu siku nne. Nikamchinjia kondoo, nikampa kichwa, mgeni wa heshima! Akakata masikio akawagawia wajukuu, akaimba. Lakini kupanda? Hakupanda hata kale kakilima ka kwendea chooni."

"Ewe mzee, mgeni hasemwi!" mkewe akamkemea.

"Simsemi. Nimeulizwa, nimejibu."

Mama yule akanijazia bakuli la pili la supu ya kondoo. Mafuta yalikuwa yameshaganda juu. Nimekunywa kwa adabu tu.

Jumanne, 23 Januari

Nimemwambia Profesa. Nimemwambia hivi: Mwalimu, fito za 2021 hazikupimwa.

Hata hakuacha kukoroga chai. "Mwanangu, barafu haina mdomo. Nenda Ujerumani, chunguza, gundua kosa, andika makala. Sayansi si ndiyo hiyo?"

Nikasema nitawaambia ukweli. Akacheka, akanisukumia sahani ya peremende. "Waambie. Ila itazame ile karatasi vizuri. Jina la kwanza ni la nani?"

Ni langu. Wa kwanza ni mimi, yeye wa pili. Anasema alinipa heshima. Na mimi — mjinga! — nakumbuka nilimshukuru.

Nimenawa mikono mara mbili nilipofika nyumbani.

Ijumaa, 26 Januari

Mama amekaanga maandazi, kama kila Ijumaa, ili harufu iwafikie marehemu. Leo amesimama dirishani akamwambia marehemu baba kwa sauti: "Symbat wako anakwenda Ujerumani." Mashangazi wote wameshaambiwa. Mmoja ameshaulizia bei ya jokofu huko.

Nimekula maandazi tisa kwa hasira.

Jumatatu, 29 Januari

Nimeamua. Sentensi moja tu: mwaka huo sikuwepo, na namba zile ni za uongo. Nimeisema mbele ya kioo mara ishirini. Inatoka vizuri. Wanichukue au waniache.

Jumanne, 30 Januari

Saa tisa na robo alasiri. Umeme umekatika katikati ya usaili! Naandika hapa dirishani.

Walikuwa watatu, wapole. Swali la kwanza kabisa, Haverkamp akainama mbele kama mtu anayengojea hadithi. Akasema wamesubiri sana kumsikia mtu aliyekuwepo, niwasimulie siku ile kule juu.

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema: "Kulikuwa na upepo."

Upepo! Upepo gani? Na nikaendelea. Nikasema tulianza alfajiri. Nikasema ufito wa kwanza ulikuwa umeinama kidogo upande wa mashariki. Nimeutoa wapi mwinamo huo? Sikuutafuta, ulikuja wenyewe, tena nikatabasamu wakati nausema. Kadyraliev angalau alikula kondoo kwanza. Haverkamp alikuwa anaandika kila neno. Ndipo kikazima kisanduku cha intaneti.

Najichukia. Bado nafasi ipo — wakirudi naanza upya, naisema ile sentensi, basi.

Mama anagonga mlango: "Wamekukubali? Mbona kimya?"

Friji imenguruma. Taa ya kisanduku inapepesa. Nyuso zao zimerudi, wanacheka, wanapunga mikono. Haverkamp anasema pole kwa usumbufu, tulikuwa kwenye ufito wa kwanza, anataka kujua huo mwinamo ulikuwa wa nyuzi ngapi hasa —

Kumi na mbili, hivi